Mapenzi ya Kangomba: Anayeambiwa "Vumilia" Anapunjwa Mara Mbili

Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Ni yule jamaa anayeingia kijijini korosho ikiwa bado iko mtini, wakati ndani hakuna unga na mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule. Anakuja na maneno matamu na pesa mkononi. Anapima kwa bakuli lake mwenyewe, mizani hataki hata kuiona. Mkulima anajiona kaokolewa. Mnada ukifika, bei inapanda, yeye hana korosho na hana pesa, halafu anaambiwa ashukuru kwa sababu "alisaidiwa". Serikali inaipiga marufuku biashara hiyo miaka nenda rudi. Mwaka 2018, iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilibidi mashamba yahakikiwe kwanza ili watu wa kangomba wajulikane.

Sasa kuna kangomba nyingine ambayo hakuna mgambo aliyewahi kuikamata. Ni ya mapenzi. Inaingia mtu akiwa na njaa ya kupendwa, inampimia kwa bakuli, inaondoka na mavuno yake yote. Na cha kuudhi zaidi, mji mzima unasimama pembeni unampigia makofi mwenye bakuli.

Hadithi yake kutoka Shangani mpaka Msimbati ni ile ile, ndiyo maana hapa haina jina la mtu. Dada anakaanga samaki pale Mikindani. Anajitegemea, ana akiba kidogo, ila moyo umechoka baada ya uhusiano uliomuumiza. Anatokea kaka. Ananukia vizuri, anaongea kama redio, anajua kila mtu mjini. Wiki ya kwanza meseji hazikatiki kuanzia alfajiri. Wiki ya tatu kashampeleka kwa mama yake. Mwezi wa pili anazungumzia mahari, majina ya watoto, na nyumba watakayojenga. Dada anawaambia mashosti kwamba hajawahi kupendwa hivi. Na kweli, hajawahi.

Mwezi wa nne kipimo kinabadilika. Inaanza kama utani: "Mbona umenenepa hivyo?" Halafu, "Yule rafiki yako simpendi, ana tabia mbaya." Rafiki anaachwa. Halafu anataka namba ya siri ya simu, eti wapenzi hawafichani. Pesa ya samaki inaanza kupungua, akiulizwa anasema dada hana hesabu. Akikutwa na meseji za mwanamke mwingine, anageuza kibao: "Wewe una wivu wa kijinga. Una matatizo ya akili. Nani mwingine angekuvumilia?" Kisha anamchunia siku tano, haongei, hali chakula chake. Siku ya sita dada anaomba msamaha. Aliyekosewa ndiye anayepiga magoti, yaani hapo ndipo mtu anapotakiwa kushtuka!

Halafu msimu unafika. Korosho za ukoo zimeuzwa, pesa imeingia benki. Kaka anarudi kuwa yule wa wiki ya kwanza. Vitenge vipya, kuku wa kuchoma, picha ya dada kwenye stetasi na maneno ya "malkia wangu". Watu wanamiminika na pongezi. Dada anajiambia, kumbe nilikosea, huyu mtu ana roho nzuri. Mwezi wa pili pesa imekwisha, na bakuli linarudi mezani. Kusini watu wanacheka sana wakisimulia ndoa za msimu wa korosho, za wanaume wanaooa mke mpya pesa ikiingia na kurudi kwa wa zamani mfuko ukitoboka. Kwa aliye ndani ya nyumba ile hakuna kichekesho hapo.

Wataalamu wana neno lao: narsisisti. Limetoka kwenye hekaya ya Kigiriki ya kijana Narcissus, aliyejiona kwenye maji akajipenda mpaka akafia pale pale. Sigmund Freud aliandika juu ya tabia hiyo mwaka 1914, na mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiingiza kwenye mwongozo wake wa magonjwa. Mwongozo wa leo unataja dalili tisa, na daktari anatakiwa aone angalau tano kabla ya kusema mtu ana ugonjwa huo. Miongoni mwake ni kujiona mkubwa kuliko wengine, kiu ya kusifiwa, kuona kila kitu ni haki yake, kuwatumia watu, na kutoguswa na maumivu ya mwenzake.

Hapa ukweli usemwe pande zote mbili. Siku hizi kila aliyeachwa anasema aliyekuwa naye ni narsisisti. Hapana. Mchumba mbahili ni mbahili tu. Mume mwenye hasira anaweza kuwa na hasira na bado akawa na huruma. Mtu aliyepoa kimapenzi akaondoka hakufanya uhalifu. Jina la ugonjwa ni la daktari kutoa, si la shosti wa saluni. Lakini pia aliyeng'atwa na nyoka hasubiri kujua jina la nyoka ndipo akimbie. Anayeumizwa kila siku hahitaji cheti cha hospitali ili aruhusiwe kusema anaumia.

Vipo vipimo viwili rahisi ambavyo havihitaji digrii. Cha kwanza ni neno "hapana" katika jambo dogo. "Hapana, leo siwezi kuja, naenda kumwona mama." Mtu wa kawaida atanuna kidogo, yaishe. Anayejiabudu ataifanya hapana hiyo kuwa kesi ya wiki nzima. Cha pili ni maneno "umeniumiza". Mtu wa kawaida anaweza kubisha, hata kufoka, ila kesho au keshokutwa atalirudia jambo lenyewe na kutafuta pa kurekebisha. Anayejiabudu hafiki huko. Ndani ya dakika tano yeye ndiye aliyeonewa, na aliyekuja na malalamiko anaondoka na deni.

Haya, sasa waulizwe washauri. Dada anafika kwa shangazi na macho yamevimba kwa kulia. Anaambiwa nini? Vumilia. Anakwenda kwa somo yake aliyemfunda. Vumilia, wanaume ndivyo walivyo. Anakwenda kwa mama mkwe. Vumilia, hata baba yake alikuwa hivyo hivyo. Anakwenda kwa kiongozi wa dini. Vumilia na uzidishe maombi. Wote wanamaliza na methali moja: mvumilivu hula mbivu.

Methali ni nzuri, ila mbivu zinatoka kwenye mti unaozaa. Aliyekaa chini ya mwembe ana sababu ya kusubiri. Aliyekaa chini ya nguzo ya umeme atasubiri mpaka azeeke. Uvumilivu ni dawa ya mambo yasiyofaidika na uvumilivu huo. Mtu anavumilia ukame, na ukame haupati chochote. Anavumilia maradhi ya mwenzake, na mgonjwa naye anataka kupona. Lakini anayejiabudu anafaidika. Kila mwezi ambao mwenzake anavumilia ni mwezi mwingine wa kupikiwa, kufuliwa, kukopeshwa bila kulipa, na kuwa na mtu wa kumshusha ili yeye apande. Kumwambia dada avumilie hapo ni sawa na kumwambia mkulima aendelee kuuza kwa bakuli, iko siku bakuli litakuwa mizani. Halitakuwa. Mwenye nalo hana sababu ya kulibadilisha.

Wapo wanaoongeza ushauri wa jikoni na chumbani. Mpikie vizuri, jipambe, mwogeshe, mchekee hata ukiwa na uchungu. Kama tatizo lingekuwa mapishi, wali wa nazi wa Mtwara ungeshalimaliza zamani. Na wapo wanaompeleka kwa mganga akanunue dawa ya kumtuliza bwana. Huko dada anapunjwa mara ya pili: pesa ndogo iliyosalia inakwenda, na anafundishwa tena kwamba tatizo ni yeye, hajatumia dawa sawasawa.

Kisha inakuja ngao kubwa: mila. Eti mwanamke wa kusini amefundwa kuvumilia, anayeondoka kaiaibisha mila. Wanaosema hivyo waisome mila yenyewe. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto alihesabiwa kwa upande wa mama, mjomba ndiye aliyekuwa na sauti, na kwa desturi ya zamani mwanaume ndiye aliyehamia kwa kina mke. Mke alikuwa kwao, mama yake jirani, dada zake jirani, shamba ni la ukoo wake. Mume mwenye kibri alijikuta peke yake katikati ya shemeji zake, na mambo yakishindikana anayefunga mzigo ni yeye. Mila hiyo haikuwa pepo, ila ilimwachia mwanamke mlango. Waliouziba wakabakiza neno vumilia wasidai kwamba ndiyo urithi wa mabibi.

Sheria nayo haiko upande wao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Inataja ukatili, wa mwili au wa akili, kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika. Ukatili wa akili! Umeandikwa tangu 1971, halafu mwaka huu mtu anaambiwa "kwani kakupiga?" Kabla ya kudai talaka mahakamani, kwa kawaida shauri linapita baraza la usuluhishi wa ndoa, na huko mtu aende na maelezo yenye tarehe, si kilio peke yake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa mwenye kesi mwenyewe hakuondoka na mgawo. Na wanaoishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, sheria ina dhana ya ndoa kwa ajili yao, japo inaweza kupingwa. Kwa hiyo ile kauli ya "huna chochote hapa, nyumba ni yangu" mara nyingi ni bakuli lingine tu.

Lakini lawama isiishie kwa kaka mwenye manukato. Mtu wa namna hii hawezi kuishi bila watazamaji, na watazamaji wake wanajulikana. Ni washikaji wa kijiweni wanaojua ana wanawake watatu, na kila mmoja wanamwita "shemeji" huku wanakula bia yake. Ni ndugu wanaojua alimfanyia hivyo hivyo mke wa kwanza, wakakaa kimya siku ya posa. Ni wanaotunza pesa kwenye sherehe akisimama kumsifu mke, wakati saa mbili zilizopita walimsikia akimtukana nyuma ya nyumba. Ni wanaopiga picha, wanaopongeza, wanaosema "jamani ndoa hii ni mfano". Hakuna aliyewahi kuulizwa: wewe uliona, ulisema nini?

Na dada akiondoka, watazamaji wanageuka kuwa wajumbe. Mmoja analeta salamu: "Jamaa kakonda, anakuwaza." Mwingine anapeleka habari za dada upande wa pili: kahamia wapi, anauza wapi, kaonekana na nani. Wanajiona wapatanishi. Ukweli ni kwamba wanambebea mtu bakuli lake mpaka mlangoni kwa aliyelikimbia.

Wanaume nao wasisahauliwe. Kuna mvuvi anakwenda dago miezi, anatuma kila kinachopatikana, akirudi anakuta mke kashamsimulia kwa majirani kuwa bure kabisa, na watoto wanafundishwa kumcheka. Akisema, anaambiwa mwanaume halii. Naye anaambiwa avumilie, ila kwa maneno mengine: "Kuwa mwanaume." Kunyanyaswa hakuchagui jinsia, ingawa anayetegemea mwingine kwa chakula na paa ndiye mwenye njia finyu zaidi ya kutokea.

Basi kupona kunaanzia wapi? Kunaanza na hesabu. Anayejiabudu anashambulia kumbukumbu kwanza: "Sijawahi kusema hivyo, umeota." Dawa yake ni daftari, au meseji kwa mtu mmoja wa kuaminika: tarehe, maneno yaliyosemwa, pesa iliyochukuliwa. Mkulima hadai malipo mnadani kwa kusema "nadhani zilikuwa gunia tatu". Anatoa stakabadhi. Siku ya kuchanganywa akili, daftari litasema kilichotokea, hata kwenye baraza.

Pili ni kujiandaa kimya kimya. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za kiwanja vikae mahali salama nje ya nyumba. Nauli iwepo. Namba ya siri ya simu ibadilishwe wakati ambao haitaleta ugomvi. Hakuna haja ya kumtangazia mtu kwamba anaachwa, hasa aliyewahi kutishia au kupiga, kwa sababu siku za kuondoka ndizo zenye hatari kubwa. Vitisho vikianza, hilo si jambo la kifamilia tena. Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri ina ofisi ya ustawi wa jamii. Akitishia kusambaza picha za faragha, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na meseji hizo zisifutwe hata moja.

Tatu ni kukata mawasiliano kweli kweli. Kama hakuna watoto, namba ifungwe. Kama wapo, mazungumzo yawe ya ada, matibabu na siku za kuwaona, tena kwa maandishi na kwa ufupi. Anayeuliza "kwani ulikosa nini kwangu?" hajibiwi. Si jeuri. Kila jibu, hata la matusi, ni chakula chake. Ndiyo maana hata kumwanika mtandaoni hakusaidii: atapata umati mpya wa kumwonea huruma, na aliyeumizwa atageuzwa kuwa kichaa hadharani.

Kisha itakuja kiu, na watu waambiwe mapema ili wasishangae. Mtu atamkumbuka. Atasikia wimbo dukani machozi yamtoke. Atakumbuka wiki ya kwanza na kuisahau miaka mitatu iliyofuata. Kiu hiyo haithibitishi kwamba yale yalikuwa mapenzi ya kweli. Aliyezoeshwa kunyimwa halafu kupewa kidogo, kunyimwa tena halafu kupewa kidogo, akili yake inabaki imekaa mkao wa kusubiri kile kidogo. Inapungua kwa muda, kwa usingizi, kwa kazi, na kwa kurudi kwa wale marafiki walioachwa, hata kama itabidi kuanza na "samahani, nilikususa". Wengi watafungua mlango. Walikuwa wanaona toka zamani.

Na msimu utafika tena. Novemba ile pesa ikiingia, simu italia. "Nimebadilika." Je, watu hawabadiliki? Wapo wanaobadilika, ila mabadiliko yapimwe kwa mizani. Anayebadilika anataja kosa lake bila kuongeza "lakini na wewe". Anarudisha pesa aliyochukua. Anakubali kwenda kwa mshauri au daktari, na anaendelea kwenda miezi mingi hata kama hakuna anayemwona wala kumpongeza. Anakubali pia kwamba anaweza kubadilika na bado asirudiwe. Aliyekuja na kitenge, machozi na haraka ya kupewa jibu leo leo, huyo kaleta bakuli jipya.

Kwa hiyo shangazi, somo, mchungaji, shehe, shemeji na washikaji wa kijiweni waliache hilo neno lao pembeni kidogo. Siku mtu akifika mlangoni saa nne usiku na mtoto mgongoni, asianze kuulizwa kamkosea nini mwenzake. Aulizwe amekula, ana pa kulala, na ana nauli ya kesho. Ushauri wa ndoa usubiri asubuhi, na utolewe na mtu aliye tayari kusikiliza mpaka mwisho.